Siku Ulipoingia Ndani ya Tangi

Mwanangu Skola,

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu Majengo. Cherehani nimeifunika na mlango nimeurudishia nusu ili wateja wadhani nimefunga. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko nyumbani anakukaangia karanga za njiani. Kesho asubuhi gari litakuteremsha bondeni hadi Mtowisa, kwenye zahanati yako, na mimi najijua. Pale stendi nitashika begi lako, nitauliza kama umesahau chaja, na gari litaondoka kabla sijasema la maana. Bora niandike.

Habari za neti, za kuchemsha maji, za joto la kule na za kutokula ovyo barabarani, mama yako amekwisha kuzimaliza. Sina la kuongeza. Mimi nataka nikusimulie habari ya tundu la tangi. Najua utasema, "Baba, hiyo naijua, mimi ndiye niliyeingia ndani." Ni kweli uliingia. Lakini ulikuwa darasa la tatu, na kila tulipotaka kuzungumza jambo zito, mama yako na mimi tulikutuma dukani ukanunue chumvi. Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na chumvi nyingi kuliko nyumba yoyote Sumbawanga.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia. Nyumba ilikuwa na bati juu, lakini kuta hazikuwa hata na plasta, na upepo ulikuwa unapita dirishani kama mwenye nyumba. Mama yako alikuwa mjamzito. Wewe ulijua unapata mdogo wako, basi. Hukujua kwamba kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na ya mwisho iliharibika siku ile ile aliyorudi kisimani na ndoo kichwani. Hakuna mtu hospitali aliyetuambia kwamba ndoo ndiyo iliyosababisha. Lakini mwanamke akishapatwa na jambo namna hiyo, haiangalii ndoo tena kama alivyokuwa akiiangalia. Na safari hii muuguzi wa kliniki alimwambia mbele yangu, "Mama, vitu vizito usibebe kabisa. Na wewe baba, umesikia?" Nikasema nimesikia.

Maji ya bomba, unakumbuka, yalikuwa yanakuja yanapotaka yenyewe. Kwa hiyo nikanunua tangi la plastiki, lile jeusi, kwa mtumishi mmoja aliyekuwa anahama. Nikajenga kiguzo cha matofali kwa mikono yangu, nikafunga mfereji wa bati kwenye paa, na masika yale yote tukakinga mvua. Tangi likajaa mpaka juu. Kila nikitoka kazini nilikuwa nalipiga kofi ubavuni kama mtu anavyompiga ng'ombe wake, nasikia jinsi lilivyoshiba, nafurahi. Halafu nikaweka kufuli kwenye bomba lake. Mama Zuberi, jirani yetu aliyekuwa anauza migebuka, samaki wa kukausha kutoka Kasanga, alikuja siku moja na ndoo yake. Nikamwambia maji haya ni ya mama Skola, muuguzi amesema, na yatatutosha sisi tu. Akasema, "Haya, baba," akaondoka. Sikumdanganya. Lakini ningeweza kusema maneno yale yale kwa sauti nyingine.

Mvua zikakatika, baridi ikaingia. Sasa, kulikuwa na bati moja lililobaki kwenye ujenzi, nililiegemeza katikati ya ukuta na tangi. Mama yako aliniambia niliondoe. Aliniambia tena. Mimi nikawa nasema kesho. Upepo wetu wa Ufipa wa miezi ile unaujua, haupumziki. Kona ya lile bati ikawa inalikwaruza tangi usiku na mchana, taratibu, mahali pamoja, kwenye usawa wa goti langu. Hakuna aliyeona mpaka asubuhi moja mama yako aliposimama mlangoni akaniita.

"Baba Skola, hawa kuku wanakunywa maji gani?"

Nikatoka. Chini kulikuwa na kidimbwi. Kwenye ubavu wa tangi kulikuwa na tundu dogo kama la sindano, na maji yanatoka yamenyooka, membamba kama uzi mweupe. Nikacheka. Nilicheka kweli, mwanangu, kwa sababu mimi ni fundi nguo, na maisha yangu yote nimekuwa nikishindana na matundu. Hili lilikuwa dogo kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Nikachukua sabuni ya mche, nikaikandika pale kwa kidole gumba. Uzi ukakatika. Nikamwambia mama yako, "Limekwisha." Sabuni ile ilishika mpaka nikaanza kujisifu kwa wenzangu hapa Majengo, halafu ikalainika, ikadondoka kama uji, na kidimbwi kikarudi.

Nikanunua gundi, ile ya vichupa vidogo inayoshika papo hapo. Nikakata kiraka kwenye beseni lililopasuka, nikalipangusa tangi, nikapaka gundi, nikabandika. Gundi ile ilininasa vidole viwili, nikashinda navyo siku nzima vimegandana kama bata. Tangi haikulishika hata kidogo. Kesho yake kiraka kilikuwa kimelala chini, kisafi, kama vile hakijawahi kupakwa kitu. Plastiki ya namna ile, nimekuja kujua baadaye, ina utelezi wake, gundi haiipati. Na mimi nilikuwa nimeibandika maji yanachuruzika. Hata nguo mbichi huwezi kuipiga pasi ukategemea mkunjo ukae. Nilijua hilo kwa nguo, sikulifikiria kwa tangi.

Jaribio la tatu ndilo baya. Nilikuwa nimewaona watu wakiziba ndoo kwa kisu cha moto. Nikasema na mimi naweza. Nikasubiri mama yako aende kulala mchana, nikakoleza mkaa, nikaweka kisu mpaka kikawa chekundu, nikachukua kipande cha jagi la zamani ili nikiyeyushe pale. Kipande cha jagi kikawa kinanata kwenye kisu tu, hakitaki kuungana na tangi. Nikaongeza moto. Nikakandamiza. Nikasikia kisu kimeingia ndani chenyewe, hakina kizuizi, na nilipokivuta maji yakanirukia kifuani. Tundu la sindano likawa la punje ya hindi.

Nikaweka kidole. Ndiyo akili iliyonijia. Nikasimama pale nimeinama, kidole tunduni, kisu cha moto kimeniangukia karibu na mguu, siwezi kwenda popote. Wewe ukatokea unatoka shule.

"Baba, unafanya nini?"

"Nimeshika tangi."

"Linakwenda wapi?"

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mama yako akaamka kwa kicheko chako. Alipofika hakucheka. Aliliangalia tangi, akaniangalia, akasema, "Umelikuza." Halafu akaendelea kwa Kifipa, na Kifipa cha mama yako kikitoka kwa kasi ile mimi huwa sijibu kitu. Akaleta kijiti na kitambaa, tukachonga kizibo tukakipigilia. Maji yakapungua kutoka, lakini hayakuacha. Yakawa yanadondoka. Usiku tukilala nilikuwa nayasikia kwa nje, tone, kimya, tone, na nilijua na yeye yuko macho anayasikia.

Nataka uelewe kitu kimoja hapa. Siku zote hizo hakuna aliyenizuia kuomba msaada. Kuna fundi seremala alikuwa anakaa nyumba ya pili. Kuna vijana wanaofunga mabomba pale mjini. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nasema moyoni tundu ni dogo, nikimwita mtu kwa tundu dogo namna hii atanionaje? Na lilipokuwa kubwa nikasema, sasa nimeliharibu mwenyewe, nikimwita mtu atanionaje? Kwa hiyo hakukuwa na siku iliyofaa kuita mtu.

Asubuhi moja niliamka nikakuta upande wa mama yako umepoa. Nikatoka. Kulikuwa na ukungu, umande umeganda kwenye majani. Nikamkuta njiani anarudi kutoka bomba la mtaa wa chini. Alikuwa na kindoo kidogo, kile chako cha kuchezea, kimejaa nusu, ameking'ang'ania kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika tumbo. Anatembea polepole kama mtu anayepita juu ya mayai.

Nikamwambia, "Mama Skola, tulikubaliana nini?"

Akasema, "Tulikubaliana tangi litakuwa na maji."

Nikapokea kindoo. Kilikuwa chepesi, hata wewe ungekibeba, na ndicho kilichoniumiza, kwamba alikuwa amekipima kwa hofu yake. Tukatembea. Karibu na nyumbani akasimama, akasema bila kuniangalia, "Sina nguvu ya kuzika mwingine. Naomba unielewe."

"Nakuelewa."

"Basi kwa nini huiti watu?"

"Nitawaambia nini? Wote wameliona kufuli."

Akaingia ndani.

Siku ile nilikuja kazini nikiwa siwezi hata kutunga uzi. Akaja dereva mmoja wa lori, amevaa koti zito, lile la baridi kabisa, kifungo kimoja kimeng'oka na kipande cha kitambaa. Akaniambia, "Fundi, hiki kila nikikishonea kinang'oka." Nikamwambia asubiri. Sasa makoti mazito yana siri yake. Ukishona kifungo juu peke yake, uzito unavuta kitambaa, kinachanika. Unaweka kifungo kingine kidogo kwa ndani, halafu uzi unapita katikati, kifungo na kifungo, kitambaa kinabanwa kati yao. Haking'oki tena. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi mno, mikono inaifanya nikiwa naongea. Nikiwa nayafunga yale mafundo nikasimamisha sindano hewani.

Yule dereva akaniuliza, "Vipi, umejichoma?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimeziba tangi."

Sijui alinifikiriaje. Nilimaliza kifungo chake, nikafunga kibanda, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Nikanunua bolti moja fupi, nati yake, na washa mbili pana, zile pete bapa za chuma. Nikapita kwa fundi baiskeli akanikatia viduara viwili vya mpira kutoka kwenye tyubu chakavu. Mpira mmoja ndani, mmoja nje, washa juu ya kila mpira, bolti inapita katikati, nati inakaza. Kifungo na kifungo. Nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama yako alikuwa anachambua ulezi. Nikampangia vile vitu juu ya ungo, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza maswali mawili tu. La kwanza, nani ataishika bolti kwa ndani? La pili, maji yaliyo juu ya tundu nitayapeleka wapi? Maana maji yalikuwa bado yanafika usawa wa kifua changu, na huwezi kufunga mpira juu ya maji yanayosukuma. Ni lazima yashuke chini ya tundu. Ama tuyahifadhi, ama tuyamwage, na kuyamwaga ilikuwa ni kumrudisha njiani na kile kindoo mpaka mvua zinyeshe.

"Vyombo vyetu havitoshi," nikasema.

"Havitoshi," akakubali, akaendelea kuchambua ulezi.

"Ungezungumza na kina mama..."

Akainua uso. "Nikienda mimi watakuja kwa sababu ya tumbo langu. Nenda wewe."

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilianza kwa Mama Zuberi, kwa sababu nilijua nikiweza pale, kwingine kote nitaweza. Nikapiga hodi. Alikuwa anapanga samaki wake kwenye tenga.

"Karibu, Baba Skola. Leo umepotea njia?"

Nikamwambia sijapotea. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, tangu bati mpaka kisu cha moto. Sikujitetea. Nikamwambia naomba anitunzie maji kwa mchana mmoja, yeye na wengine, halafu wanirudishie. Aliweka samaki mmoja, akaweka wa pili.

"Kufuli umelifungua?"

"Nimelifungua."

"Basi ngoja nijifunge kanga."

Skola, yule mama alipotoka mlangoni aliita jina la kila nyumba ya mtaa ule kwa zamu, na kila nyumba iliitikia. Kufikia saa tano uwanja wetu ulikuwa umejaa ndoo, madumu, masufuria ya harusi, mapipa, na mzee mmoja alileta beseni analoogea. Seremala akaja na keekee yake ya kutobolea. Hawakunisimanga. Mmoja tu alisema, "Kumbe na bomba lako linafunguka," watu wakacheka, na mimi nikacheka, ikawa imekwisha.

Maji yakashuka mpaka chini ya tundu. Seremala akalitoboa upya lile tundu langu la kisu, akalifanya la duara lenye kingo safi, akanieleza kwamba tundu lenye kona huendelea kuchanika. Tukalikwangua kwa msasa ndani ya kingo na nje, tukalifuta mpaka likakauka kabisa. Ikabaki kuingia. Mimi nikajaribu mdomo wa tangi, mabega yakagoma. Seremala alikuwa mnene kuliko mimi. Kabla watu hawajaanza kuangaliana ukasema, "Mimi naingia."

Mama yako alisema hapana. Mimi pia nilisema hapana. Wewe ulikuwa umeshavua viatu.

Nikaingiza kichwa changu, nikakaa nacho humo nikivuta hewa mpaka nikaridhika kwamba hakuna harufu wala kizunguzungu, ni ubaridi wa maji tu. Nikasuka vipande vya kitambaa cha suruali nikakufunga chini ya makwapa, ncha akaishika seremala juu ya ngazi. Nikakushusha. Maji yakakufika magotini, ukapiga ukelele, na ukelele wako ukazunguka humo ndani.

"Baba! Huku niko wawili!"

Mama Zuberi akapanda ngazi akachungulia. Na wewe, katikati ya baridi na giza lile, ukainua uso ukasema, "Shikamoo, Mama Zuberi." Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Yeye akajibu "Marahaba, mwanangu," na aliposhuka nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nikapiga magoti kwa nje. Ukaweka jicho kwenye tundu ukaniambia unaliona langu. Nikakuambia uisukume bolti. Ukasukuma, ikakuponyoka, nikasikia inatumbukia majini. Ndipo nikasikia unalia. Hukulia kwa nguvu, ulijizuia, lakini mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye plastiki.

Nikasema, "Skola, toka. Tunakutoa."

Nikasikia maji yanatikisika humo ndani.

"Skola. Acha bolti. Maji tutapata mengine."

Hapo mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilijua nilichokuwa nakisema, na yeye alikijua. Hakunipinga. Aliweka mkono begani kwangu akasema kwa sauti kubwa ili usikie, "Toka, mama. Umefanya vya kutosha."

Wewe ukasema, "Subirini, naitafuta kwa vidole vya mguu."

Tukasubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, na nimesubiri mengi. Halafu ncha ya bolti ikatokea tunduni, imelowa, ina mpira wake na washa yake kama nilivyokufundisha. Nikavisha mpira wangu, washa yangu, nati. Wewe ukabana kichwa cha bolti kwa spana ya baiskeli kwa mikono yote miwili, mimi nikakaza kwa nje. Tulipokutoa midomo yako ilikuwa imegeuka rangi, na mama yako alikufunika na kitenge, Mama Zuberi akaongeza blanketi, wakakunywesha uji wa ulezi wa moto mpaka ukasinzia hapo hapo.

Watu wakarudisha maji. Yalipopanda juu ya bolti wote tukainama kuangalia. Nikapitisha kiganja. Pakavu. Mimi nikachukua spana nikaanza kuongeza kukaza, na mama yako akanishika mkono.

"Linavuja?"

"Halivuji."

"Sasa unakaza nini?"

Nikaiweka spana chini. Ningekaza tena ningeukata mpira. Nimeharibu mambo mengi maishani, mwanangu, baada ya kuwa yameshatengenea, kwa sababu sikuamini kwamba yametengenea.

Maji hayakurudi yote, usidhani. Nyumba moja mbuzi alikunywa nusu ya beseni. Mama mmoja alirudisha ndoo pungufu akasema yamekauka kwa jua, kwenye baridi ile, na mama yako akamshukuru bila kucheka. Na pipa la Mama Zuberi lilikuwa la samaki, kwa hiyo tulikunywa chai yenye harufu ya migebuka mpaka tukaizoea. Lakini baada ya hapo, bomba la mtaa likitoka, vijana wake walikuwa wanatuletea madumu mlangoni kabla hatujaomba. Na sisi tulimpa maji aliyekwama. Kiangazi kikawa kirefu, tangi likaisha kabla ya mvua, na hata lilipoisha mama yako hakugusa ndoo. Hilo sikulifanya mimi. Tangi lenyewe pia halikulifanya. Ni wale watu.

Uchungu ulipomshika mimi nilikuwa hapa Majengo. Waliompeleka hospitali ni Mama Zuberi na yule seremala kwa baiskeli ya kukokota mpaka barabarani. Nilipofika, muuguzi akatoka akaniambia niingie nimwone mwanangu wa kiume. Vitalis alikuwa analia kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa. Mama yako alikuwa amechoka, lakini alikuwa ananiangalia moja kwa moja, jambo ambalo hakulifanya kwa miezi mingi. Wewe siku ile tulikuwa tumekutuma dukani.

Bolti ile ilishika kutu baadaye, nikaibadilisha kwa isiyoshika kutu, nikaweka mpira mnene zaidi. Siku hizi nikiona chombo cha plastiki kina tundu dogo, najua pa kuanzia. Natoa maji, nakausha, nasafisha kingo, natafuta kitu cha kubana pande zote mbili. Nimewazibia watu matangi ya mtaa mzima, na mara zote nawaambia ule mwaka nilikuwa nimeweka kidole.

Sasa unaanza kazi ya uuguzi. Watakuita sista siku ya kwanza, na watakutazama kama mtu anayejua. Kuna mambo utayajua na kuna mambo hutayajua, na baya zaidi ni yale madogo, ambayo mtu huona haya kuuliza kwa sababu ni madogo. Uliza. Muulize aliyekutangulia, muulize mhudumu anayefagia, piga simu kwa uliosoma nao. Ukikosea, sema asubuhi ile ile. Mimi siku zangu za kuona haya zilikuwa karibu kuchukua kitu ambacho nisingekirudisha, na waliokizuia ni watu niliokuwa nimewafungia bomba.

Na ukifika, kabla hujafungua begi, piga hodi nyumba ya jirani. Mwambie jina lako na unakotoka. Usiende kuomba kitu. Nenda tu wakujue.

Nimalizie na jambo la mama yako, kwa sababu yeye hatakuambia. Ulipopangiwa Mtowisa alikasirika. Alisema barabara mbaya, joto, mbali, kwa nini mtoto wake. Alisema hivyo kwa wiki nzima. Jumapili iliyopita tulikuwa tunatoka kanisani, wewe uko mbele unazungumza na wenzako, akanishika mkono wa koti akasimama. Akasema, "Baba Skola, kuna mwanamke kule bondeni sasa hivi ana mimba na anaogopa, na hajui kwamba Skola anakuja."

Halafu akaendelea kutembea. Tangu siku hiyo hajalalamika tena.

Nenda, mwanangu. Wanakusubiri.

Baba yako